Kwa Nini Nusu? Hotuba ya Kufungua Kituo cha Mapigo, Dandora

Bwana Chifu, naibu wa Bwana Chifu, wachungaji wa makanisa yenye spika na yasiyo na spika, wazee wa mtaa, viongozi wa vijana ambao naona mna mvi, mke wangu, wenzangu wa meza kuu, na nyinyi mliosimama juani: nisiyemtaja ajihesabu ametajwa.

Mimi, Mheshimiwa Mhandisi Zedekiah Kiema, Mwenyekiti wa Kamati ya Mapigo ya Moyo, nimesimama hapa kwa unyenyekevu ambao wengi wamenisifia (makofi, meza kuu), ili nifungue rasmi Kituo cha Kisasa cha Kutibu Mioyo Inayodunda Ovyo, kilicho nyuma ya pazia hili, kwa mujibu wa roodimapu, yaani ramani ya kazi, tuliyoipitisha na mastekiholda wote, yaani wadau, katika semina ya Mombasa. (Sauti: "Mombasa tena!") Utafiti wangu unaonyesha kwamba asilimia mia moja ya wakazi wa Dandora wana moyo. (Makofi.)

Namwona Mama Owuor, muuza omena wetu, ambaye moyo wake hukimbia, ukasita, ukaruka kama mtoto anayeruka kamba ya bladda. Daktari anataka kumpitishia waya mwembamba kwenye mshipa wa paja mpaka moyoni, uchome mahali panapovuruga mdundo, naye anakataa kwenda. Mama, una swali?

(Mama Owuor: "Ni moja tu, Mheshimiwa. Siku hiyo nitalala kabisa, ama nitasinzia huku nikiwasikia wakinichokora? Nisipojua, siendi, hata kama moyo utasimama.")

Swali zuri, na jibu nimeandikiwa. Hapa wanasema utapewa nusukaputi. (Anasoma tena.) Nusu? Ndugu zangu, nusu! Maji tunapata nusu, taa nusu, leo hata kaputi tupewe nusu? Natangaza mbele yenu kwamba chini ya uongozi wangu kila mgonjwa wa Eastlands atapewa kaputi nzima!

(Umati: "Uwii! Hiyo ni kufa!")

Na kama ni kufa, mtakufa kwa usawa! (Kicheko. Katibu anamnong'oneza.) Nimefafanuliwa kwamba nusukaputi ni dawa ya usingizi, jambo ambalo nilikuwa nalijua, na kwamba kuna usingizi mzito, ambapo mashine hukupumulia, na usingizi mwepesi, ambapo ukiitwa unaitika. Uchaguzi huo ni mkubwa mno kuachiwa mtu mmoja, kwa hiyo tutafanya pablik patisipesheni. Wanaotaka Mama Owuor alale mzito, mikono juu! (Mikono mingi.) Mwepesi? (Mikono michache, ya wakazi wa Phase Two.) Mama, umelazwa kwa kura nyingi!

(Mama Owuor: "Wee Kiema, kwani moyo ni wa wadi?")

Mapigo juu! (Umati: "Chini!") Usingizi kwa wote! (Umati unapiga miayo.) Namalizia kwa kumshukuru mwenye pazia, ambaye analihitaji sasa hivi kwa harusi... Mama, usilivute! (Mama Owuor amelivuta. Nyuma yake ni uwanja wa mpira na mbuzi wawili tu.) Basi usishtuke, moyo wako hautaki mshtuko. Kituo hakijajengwa, wala hakijachorwa, lakini kimefunguliwa. Sasa unakwenda wapi?

(Mama Owuor: "Kwa daktari. Nitamuuliza yeye mwenyewe, nichague mwenyewe.")

Mmeona, wananchi? Mgonjwa wetu wa kwanza, na ametoka akitembea kwa miguu yake! Asanteni sana.