Ng'ombe wa Baharini Aliyekuja Nkololo

Jumatatu, 1 Julai 1996

Kikao cha ngoma jana, baada ya ibada. Nimeshambuliwa. Miaka miwili mfululizo watu wametuhama siku ya Sabasaba na kwenda kumtazama Ngassa wa kundi pinzani na chatu wake. Kwetu ngoma haina jaji. Makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, na watu wakikuhama umeshindwa, hata kama umecheza mpaka viatu vimeachama.

Mzee Sayi, mpiga ngoma kubwa wetu, akasimama. Akasema tukihamwa mara ya tatu, baragumu la uongozi la marehemu baba yangu litoke mikononi mwangu, apewe Maige. Maige! Mtu anayecheza kama anaua siafu! Baba alilianzisha kundi hili kwa baragumu lile. Nimelitunza tangu tulipomzika. Likienda kwa Maige, sijui nitapita vipi mbele ya kaburi lake.

Nikawatangazia kwamba safari hii naleta ng'ombe wa baharini. Wakacheka. Wacheke tu! Serikali imeachia biashara, pamba inauzwa kwa umtakaye, mitumba imejaa mpaka Nyalikungu. Kwa nini bahari isifike Nkololo?

Mke wangu Milembe ameuliza ng'ombe huyo anakula nini. Ana tabia ya kuuliza.

Jumatano, 3 Julai

Kafika! Mpwa wangu Joakim hupeleka marobota ya pamba Dar es Salaam kwa lori la tajiri mmoja mpya. Huko amezoeana na watu wanaovua samaki wa mapambo wa kupeleka Ulaya. Kaniletea mmoja ndani ya pipa la maji ya bahari lenye mchanga chini, pampu ndogo ya hewa ikiwa imeungwa kwenye betri. Siku mbili na nusu njiani. Samaki alikuwa na nguvu kuliko Joakim.

Nikachungulia. Jamani! Manjano kama ndizi mbivu, urefu wa kiganja changu. Pembe mbili usoni zimeelekea mbele, nyingine mbili nyuma chini ya mkia. Pembe nne! Mwili wote ni sanduku la mfupa, haupindi hata kidogo. Vinavyocheza ni mapezi, mkia, macho, na kamdomo kama ka mtu anayetaka kupiga mluzi.

Joakim kanieleza habari zake akiwa bado kwenye usukani, usingizi umemjaa machoni. Anaishi maji mafupi, kwenye matumbawe na majani ya baharini. Hutembea peke yake. Hana mbio, ndiyo maana Mungu kampa sanduku. Akitaka chakula hupuliza mchanga kwa mdomo, vijidudu vikitokeza anakula. Nisimwongezee maji ya kisima. Nisimwekee mwenzake. Halafu akanishika mkono.

“Mjomba, usimshtue. Akishtuka anatoa ute wenye sumu. Baharini unatawanyika, lakini ndani ya pipa unaua kila kitu, hata yeye mwenyewe.”

Nikamjibu kwamba nimechunga ng'ombe kabla yeye hajazaliwa.

Milembe kaja, kazunguka pipa mara moja, kauliza watu wangapi wanaweza kuchungulia pipa kwa wakati mmoja. Swali lenyewe halikuwa kwenye ajenda.

Alhamisi, 4 Julai

Wazee wa mifugo wamekuja kumkagua tangu asubuhi. Heshima kubwa. Wamekubaliana kwamba pembe ni nzuri, nundu hana, na kwato zinatia shaka. Mmoja akataka kujua kama ni dume, tukainama wote, tukainuka bila jibu. Mwingine akauliza alama ya ukoo iko wapi. Nikamwonyesha mistari ya pembe sita iliyojipanga mwili mzima kama sega la nyuki. Akaridhika. Akasema huko baharini kuna ukoo wenye mkono mzuri.

Nimempa jina. Soko Huria. Pumba za mahindi kakataa. Dagaa waliosagwa walizama chini, akawapulizia, akala. Sikuwahi kuona ng'ombe mwenye adabu hivyo mezani.

Jioni akaja Ngassa. Salamu za mwadila, mwadila, habari za nyumbani, mpaka tukachoka. Kisha akachungulia, akasema ni kasanduku kenye macho. Mtu huyu nilikuwa naye kwenye mizani ya chama cha ushirika miaka kumi na moja, tukapunguzwa kazi siku moja, kwa barua moja. Yeye akaenda porini akarudi na chatu. Imeniuma! Lakini nimeagana naye kwa tabasamu.

Jumamosi, 6 Julai

Soko Huria hakuwa sawa asubuhi. Kajibanza upande mmoja wa pipa, dagaa hataki, ananitazama. Nimeyajua macho hayo toka utotoni. Ng'ombe ukimtenga na kundi anakonda kwa upweke, hata mtoto mdogo anajua. Joakim ni dereva. Anajua nini kuhusu upweke wa mnyama?

Milembe alikuwa na kambare watatu hai kwenye beseni, wa kukaanga na kuuza kesho uwanjani. Nikawahamishia kwenye pipa. Kundi!

Kabla ya saa sita kambare wote wameelea, matumbo juu. Soko Huria yuko katikati yao, mzima, anapuliza mchanga. Joakim kaja mbio, kasema kambare wa mtoni hawezi maji ya chumvi, na kama chumvi haikuwaua basi ute umewaua, yote mawili aliyasema. Akabadilisha nusu ya maji kwa galoni za akiba alizokuja nazo. Imebaki galoni moja. Milembe alichukua beseni lake, akaenda kununua mihogo ya kukaanga badala yake. Kunyamaza kwake ni kubaya kuliko matusi.

Lakini nimefikiri. Dume lililoingiziwa wapinzani watatu likawamaliza wote bila jasho, hilo si hasara! Hilo ni tangazo! Nimemtuma mpiga mbiu mpaka sokoni. Dume la baharini, pembe nne, limeua watatu kabla ya chakula cha mchana.

Jumapili, 7 Julai. Sabasaba

Nitaandika kwa mpangilio.

Nilipuliza baragumu. Ngassa akatoa chatu. Na watu wote, wote, wakakimbilia kwetu! Niliwaona wakija na vumbi lao, nikamkumbuka baba, machozi yakanitoka. Naandika bila aibu.

Pipa linatosha watu wanane. Wa tisa anaona visogo. Wakaanza kusukumana, wengine wakadai hamna kitu ndani, ni maji ya kuoshea vyombo. Nikamwashiria Mzee Sayi apige kwa nguvu ili wasiondoke. Akapiga. Ngoma kubwa iko hatua mbili tu kutoka kwenye pipa. Maji yakacheza, na juu yake povu likaanza kutanda, jeupe, kama la sabuni.

Joakim akanifokea sikioni ninyamazishe ngoma. Kunyamazisha ngoma kwenye mashindano! Ni sawa na kumpa Ngassa uwanja, na Maige baragumu. Nikachungulia. Soko Huria alikuwa amelala ubavu, kamdomo kanafunguka na kufungika, jicho moja linanitazama.

Nikainua mikono. Ngoma zikanyamaza.

Tukammiminia Soko Huria galoni ya mwisho ndani ya beseni jeupe la Milembe, tukamhamishia humo. Mimi na Joakim tumepiga magoti. Mzee Sayi kavua kofia kwa sababu ya joto. Upande wa pili Ngassa anapiga ngoma zake, kwetu kimya kabisa. Na watu wakaanza kuulizana nani amefariki. Hata waliokuwa kwa Ngassa wakaja. Milembe, ambaye hakuna aliyemwomba, akaanza kuwapanga mstari. Wakapita mmoja mmoja mbele ya beseni, kimya, kofia mikononi, wanamtazama, wanainamisha kichwa, wanatoka. Akina mama wawili walilia. Mtu mmoja alinipa pole ya kufiwa, nikaipokea.

Mwisho wa mstari alikuwa Ngassa mwenyewe. Uwanja wake ulikuwa umebaki na chatu.

TUMESHINDA!

Jumatatu, 8 Julai

Soko Huria kafa alfajiri. Maji ya beseni yalikuwa machache mno. Nimekaa naye mpaka jua likatoka. Milembe kaniletea uji, akakaa karibu yangu, hakuuliza chochote. Siku nyingi hajafanya hivyo.

Mchana, kikao. Nikaingia kama mshindi. Mzee Sayi akasema kweli watu hawakutuhama, lakini kundi lililoshinda kwa kunyamaza limezika ngoma zake lenyewe. Mtu aliyewaweka watu wale pale, akasema, ni yule aliyewapanga mstari. Wakapiga kura. Maige hakupata kitu.

Baragumu la baba yangu limepewa Milembe.

Jumatano, 10 Julai

Analipuliza vizuri. Siwezi kusema uongo ndani ya daftari langu mwenyewe. Alipita nalo kaburini kwa baba jana, akanikaribisha tuandamane. Nikasema nina kazi.

Na kweli ninayo! Soko Huria nilimwanika juu ya paa. Nyama imekauka na kwisha, sanduku limebaki vilevile, gumu, pembe zote nne zimesimama. Nimetoboa tundu upande wa mkia. Nikipuliza linatoka sauti kama ya mbuzi aliyekabwa. Mazoezi yatalirekebisha. Kundi jipya limeanzishwa leo, kiongozi mimi, wanachama watakuja.

Mwakani nawafunika wote, mke wangu akiwa wa kwanza. Joakim anaondoka kesho na marobota. Nimemwagiza alete ng'ombe wawili, tena wakubwa, kwenye pipa moja. Huyu wa kwanza alikufa kwa upweke.