Bushi Iliyorudishwa Mara Nne

Jumatatu, 3 Machi
Mkutano. Kiwanda kinanunua programu ya vipimo ili waendesha mashine wajipimie bushi zao, vile vipete vya chuma vya kupitishia ekseli, palepale mashineni. Nikauliza, na dirisha langu? Msimamizi akanijibu kwa adabu zote kwamba chumba cha vipimo kitakuwa stoo ya mafuta. Stoo! Miaka thelathini na mmoja nimekaa dirishani pale. Naletewa bushi ingali ya moto, imefungwa kitambaa. Napima, nasema sawa au rudia. Ndiyo maana wananiita Mzee Rudia. Kwa heshima, nadhani.

Programu ziko mbili. Moja ina kitufe kimoja tu: kijani nzuri, nyekundu mbovu. Nyingine ina kurasa kumi na nne na nywila. Hii ya pili nimeipenda papo hapo. Wakiinunua, watarudi kwangu mbio.

Jumanne, 4 Machi
Nimeisifia ya kurasa kumi na nne mpaka koo limekauka. Fundi wa mashine ya tatu akauliza ataandikaje nywila na glavu zenye grisi. Nikasema avue. Akauliza, mara mia mbili kwa siku? Mbishi huyo! Zamani walipanga foleni, wakapiga soga, wakanigawia chai yao. Nimeikumbuka foleni ile.

Jumatano, 5 Machi
Nimepata! Msimamizi anatafuta mtu asiyejua programu yoyote aijaribu ile ya kitufe. Nikampendekeza mke wangu, mstaafu wa mashine ya tano. Hata rimoti ya televisheni hunipa mimi. Akishindwa yeye, mpango mzima umekufa.

Alhamisi, 6 Machi
Balaa. Mke wangu akaja na koti lake la kazi la zamani, limembana. Akaweka bushi, akabonyeza kwa kidole cha grisi. Kijani! Makofi. Ndipo akawasimulia kwamba enzi za usichana wake nilimrudishia bushi moja mara nne, na ilikuwa nzuri tangu mwanzo. Nikaruka, alijuaje? Akasema alikuwa na kipimo chake mfukoni. Siku zote.

Kumbe! Mimi nilimrudisha ili nimwone tena. Naye alijua, na mara nne zote akaja, bushi kaifunga kitambaa safi. Nikainama kama nafunga kamba za viatu. Nimelia, basi.

Ijumaa, 7 Machi
Wamenunua ya kitufe. Dirisha linafungwa mwisho wa mwezi. Msimamizi kanionea huruma, kanipa kazi ya kuweka mipaka ya vipimo kwenye programu, maana hakuna anayeijua bushi kama mimi. Mke wangu kasema nishukuru, niache ujanja. Nimekubali. Kwa moyo mmoja.

Mchana nikaitoa ile bushi yake kwenye droo. Imo humo tangu siku niliyosema sawa. Nikaijaribu. Kijani. Nikabana mipaka kidogo. Kijani. Nikabana tena, kidogo mno. Nyekundu!

Nikampigia simu mke wangu nikamwambia arudie. Akacheka kile kicheko chake cha enzi za dirishani. Mipaka nimeiacha hivyohivyo, mashine zote. Jumatatu foleni ya dirishani kwangu itafika mlangoni.