Namba ya Juu ya Jalada

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimemaliza kusoma kitabu kizima cha mwongozo wa kuendesha seva za majina. Kurasa mia mbili na kumi! Kwa mkao mmoja! Bila miwani!

Haya, basi. Nimesoma jalada. Na ukurasa wa shukrani, kuangalia kama nimo. Simo.

Mwandishi ni mkwe wangu, mke wa mwanangu, fundi wa kompyuta hospitalini kwa mkataba wa majaribio. Kitabu kikipita Ijumaa, anaajiriwa moja kwa moja. Kisipopita, mwisho wa mwezi anafungasha. Waamuzi tuko watatu: Fundi Mkuu, na wastaafu wawili tusiojua kompyuta, maana Fundi Mkuu anataka kitabu ambacho hata mzee atakifuata. Mzee wa kwanza ni mimi. Nilikaa kwenye swichibodi ya simu za hospitali hii mpaka nikastaafu, na hadi leo wananiita Operata. Wa pili ni Rula, aliyekuwa bawabu wa geti. Jina kalipata kwa kusimama wima. Hata akiketi, amesimama.

Mkwe kaniomba kwa adabu: baba, usinipendelee, soma tu. Nimemwambia aondoe shaka. Nimeshampa mia kwa mia. Sasa kusoma kwa nini?

Jumanne, 5 Machi

Habari mbaya. Rula anasoma! Nimepita kwake, nikakuta kitabu chake kimechomekwa vikaratasi kama nungunungu. Akaniuliza nimefika sura ya ngapi. Nikasema ya kumi na mbili. Akasema sura ziko tisa.

Mpango. Alipokwenda kuchemsha chai, nikabadilisha vitabu: chake kwapani, changu mezani chini ya gazeti lake. Nitanakili maoni yake, halafu Ijumaa niyaseme kabla yake, kwa sauti nzito.

Nimefika nyumbani. Vikaratasi vyote vitupu! Hata nukta hakuna! Mtu mzima anachomeka karatasi tupu ili aonekane msomi. Nimeudhika. Waongo wamezidi.

Jumatano, 6 Machi

Imenibidi nisome mwenyewe. Mkwe kaniruhusu kukaa chumba cha seva. Ndicho kilichokuwa chumba changu cha simu. Sasa kina baridi, na mashine zinanguruma. Matundu ya nyaya zangu wameyapaka rangi, lakini kidole changu kiliyapata yote.

Ajabu, naelewa! Mtu anataja jina, tuseme maabara. Seva inampa namba ya kompyuta ya maabara. Kazi yangu hiyo hiyo, ila seva haitaniwi na wauguzi. Na seva ziko mbili, kuu na pacha. Pacha ananakili kutoka kwa kuu, lakini hasomi faili zima. Anachungulia namba moja tu iliyoandikwa juu. Ikiwa imeongezeka, ananakili. Ikiwa ni ile ile, anaendelea na majibu yake ya zamani.

Nikafunga kitabu. Nikafungua tena. Sura ya sita, hatua za kubadilisha: fungua faili, andika anwani mpya, hifadhi, washa upya. Basi. Hakuna panaposema ongeza namba ya juu. Nimesoma mara tatu, kidole chini ya mstari. Mkwe kasahau. Mikono yake imezoea kuifanya hatua hiyo bila kumwuliza, ndiyo maana hakuiandika. Atakayefuata kitabu hiki atabadilisha seva moja, na ya pili itawaelekeza watu kusikokuwa na mtu.

Chakula cha mchana kimenishinda.

Alhamisi, 7 Machi

Niandike mara moja, halafu nigeuze ukurasa.

Zamani namba za simu zilikuwa kwenye madaftari mawili, langu na la geti. Kila nikibadilisha namba ndani, niongeze tarakimu juu ya jalada. Bawabu akipita asubuhi anatazama jalada tu. Limebadilika, ananakili. Halijabadilika, anapita.

Mwaka ule wodi ya wazazi ilihama jengo. Namba mpya nikaandika ndani. Jalada nikasema nitaliandika kesho. Alasiri ya siku iliyofuata, mama mjamzito akafikishwa getini, hawezi kutembea. Rula akapiga simu wodini waje na kitanda cha magurudumu. Simu ikalia kwenye wodi ya zamani, sasa stoo ya mashuka. Akapiga tena na tena. Robo tatu ya saa.

Mama alipona. Mtoto hapana.

Walipokuja kuuliza, jalada nilikuwa nimeshaliandika. Dakika kumi kabla. Daftari langu safi, la Rula la zamani. Yeye akapelekwa dobi, akafua mashuka miaka kumi na moja. Mimi nikapewa cheti cha umakini. Kiko ukutani, juu ya redio.

Sasa nikilitaja kosa la kitabu, Rula atakuwa amekaa mbele yangu. Nikinyamaza, mkwe anapata kazi, na siku moja simu inalia stoo.

Mpango! Nimechukua kimoja cha vile vikaratasi vitupu, nikaandika kwa herufi kubwa zisizo zangu: SURA YA SITA, ONGEZA NAMBA YA JUU, LA SIVYO PACHA HAJUI. Nimekwenda kwa Rula. Chai ikachemshwa, vitabu vikarudi mahali pake. Mzee huyu chai itamponza.

Kosa litatajwa, mimi sitatajwa. Safi.

Ijumaa, 8 Machi

Mkwe alisimama karibu na mlango, mikono nyuma. Nikaanza mimi. Mia kwa mia! Fundi Mkuu akauliza kwa lipi hasa. Nikasema kwa jumla, lakini zaidi jalada.

Zamu ya Rula. Akafunua, akakiona kikaratasi. Akakitazama muda mrefu, halafu akakisoma kwa sauti. Fundi Mkuu akaenda sura ya sita, akapitisha kidole hatua kwa hatua. Mkwe akaziba mdomo. Fundi Mkuu akasema loo, na yeye kapita hapo mara mbili bila kuona. Mzee kajuaje?

Rula akasema yeye kompyuta haijui. Anachojua ni kwamba namba ya juu isipobadilika, bawabu hana kosa. Akanigeukia.

"Au siyo, Operata?"

Wote wakanitazama. Nikakohoa. Kikohozi kirefu, cha kuletewa maji. Maji yalipofika, walikuwa sura ya saba.

Kitabu kimepita, kwa sharti la kusahihishwa. Mkwe kaajiriwa. Kalia, kacheka, kamshika Rula mikono yote miwili.

Kwenye ngazi Rula akanirudishia kikaratasi. Akasema mwandiko wangu kaunakili asubuhi ngapi sijui, hata nikiandika kwa mguu ataujua. Akasema vile vitupu aliweka kila palipomkumbusha daftari. Nikangoja anitukane. Hakunitukana. Akateremka ngazi, wima vile vile.

Jumapili, 10 Machi

Mkwe kaleta nakala arobaini za kwenda zahanati zote. Kaniomba, kwa mwandiko wangu mzuri, niongeze kwa mkono ile hatua ya sura ya sita. Na juu ya jalada, toleo la kwanza liwe la pili, maana zahanati walishapelekewa nakala za majaribio na watatazama jalada tu kujua kama wabadilishe. Gari linakuja kesho saa mbili asubuhi. Kwenye shukrani kambandika Rula, kwa jicho lake kali. Mimi simo.

Ndani nimeandika zote arobaini. Vidole vimekakamaa. Majalada bado. Nitayaandika kesho.

Kwanza, jalada ni nini? Ndani ni sahihi, bwana!

Lakini hapana, nisije nikasemwa. Nimempelekea Rula barua, nimeinakili hapa: Ndugu yangu, sifa zote za Ijumaa umezipata kwa kikaratasi changu. Fadhila hiyo bado hujairudisha. Njoo kesho kabla ya gari, uniandikie namba juu ya majalada. Arobaini tu. Na uje na kalamu, yangu imekwisha wino.