Rika Zima Life Ndipo Niolewe?

Arusha, jirani na boma la Wajerumani, 1910

Mheshimiwa Sheikh Kadhi wa Pwani,

Assalaam alaykum. Shikamoo, na shikamoo zangu ziwafikie wakubwa wote wa barazani kwako. Huku hatujambo, ila mimi nimezuiwa kuolewa, na aliyenizuia ni kitabu.

Mume wangu Loserian aliondoka na msafara wa Wajerumani kwenda Tabora, mzigo kichwani, mwaka wa saba huu. Barua hakuna, kaburi hakuna. Sasa Lemayian, muuza nyama wa hapa sokoni, ameniposa. Ni mpole, anasali, na kusema kweli nampenda. Mwalimu wetu wa msikitini akafungua kitabu cha sheria, akakataa. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kitabu kinasema mke wa aliyepotea asubiri mpaka wenzi wa mumewe wa rika moja wawe wamekufa. Huko kwenu nadhani hao ni wazee wachache wa mtaa. Kwetu Waarusha, rika ni wanaume wote waliotahiriwa kipindi kimoja, kuanzia Kisongo mpaka Sokon, mamia kwa mamia, na wengi wana afya ya kukera.

2. Mwalimu ndiye aliyeandika pembeni mwa ukurasa, kwa wino wake: "Yaani rika zima, kwa desturi ya Waarusha." Kitabu kilipochakaa kikanakiliwa, mnakili akayaingiza maneno hayo katikati, pamoja na ya wanazuoni. Sasa Mwalimu anasema yeye hana la kufanya, sheria ndiyo imesema! Jamani, si maneno yake mwenyewe hayo?

3. Nimejaribu kutii. Nilipita nyumba kwa nyumba kuwajulia hali watu wa rika lile. Siku hizi wakiniona kwa mbali, hata mwenye homa anainuka kuchanja kuni.

4. Lemayian naye ni wa rika hilo hilo. Siku nitakayoruhusiwa kuolewa naye, itabidi kwanza tumfukue.

5. Mwalimu alitufundisha kwamba wanazuoni wa kale walitosheka mke asubiri miaka minne, waliofuata wakabadili. Kumbe sheria inabadilika! Mbona ikifika kwangu inakuwa jiwe? Nimechoka kupika chungu cha mtu mmoja, Sheikh.

Kwa hiyo naomba utoe amri kali: mtu yeyote asithubutu tena kuongeza neno lake pembeni mwa kitabu cha sheria.

Wasalimie wakezo, watoto, majirani, na aliyekusomea barua hii kama miwani imepotea.

Mimi mtiifu wako,
Namnyaki, mke wa Loserian au mjane wake, Mungu ndiye ajuaye.

Nyongeza: Macho ya Mwalimu yamechoka, na kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka, nakala mpya ya msikiti kanipa mimi niiandike. Nimenakili yote kwa uaminifu. Pembeni nimeongeza kidogo tu: "Au miaka minne, nayo ndiyo sahihi zaidi kwa watu wa Arusha." Jana kaisoma mara mbili, akakuna ndevu, akakubali. Harusi ni Ijumaa. Ile amri niliyoomba, tafadhali usiitoe kabla ya Jumamosi.