Dumu la Ushahidi

Jumatatu, 3 Februari 2025
Leo miaka thelathini na tisa tangu niondoke Mbalizi kuja kufundisha Iringa. Dada yangu Tupokigwe amepiga simu. Anakuja Jumapili. Chumba cha mama kimepakwa chokaa, dirisha linatazama Mlima Mbeya. Akikuta sijaonja ulanzi, hii pombe ya mianzi ya huku, wiki nzima, tunaondoka wote kurudi Mbalizi. Akikuta nimelewa, chumba anapewa mpwa wetu. Nimeapa kuacha.
Ila ushahidi? Nimenunua dumu la lita tano la mtogwa, ulanzi wa asubuhi, mtamu, usio na ukali. Nimelifunga kwa uzi na nta ya mshumaa. Limekaa kando ya kitanda. Jumapili atalikuta limejaa, ajue nina moyo wa namna gani.

Jumanne, 4 Februari
Jirani yangu Liberatus, mgema aliyeniuzia, amekuja kulitazama. Kasema Alhamisi halifiki. Nikamjibu kwamba nidhamu haigemwi kwenye mianzi.
Mchana dumu likavimba. Nilisahau kuwa ulanzi unaendelea kuchacha! Likipasuka, ushahidi umekwisha. Nimekata uzi, nikalegeza kifuniko. Nimenusa tu.

Jumatano, 5 Februari
Limevimba tena. Nimepunguza kikombe kimoja, kwa usalama. Kumwaga jasho la Liberatus ni dharau. Nikakinywa nimesimama. Mnywaji huketi. Pengo nimelijaza kwa mtogwa mpya. Nimefunga uzi.

Alhamisi, 6 Februari
Nilisoma zamani kwamba hamu hupanda, na ukiivumilia dakika ishirini hushuka yenyewe. Nikaketi na saa mkononi. Dakika ya kumi na tisa, kifuniko kikaanza kulia. Vikombe vitatu. Si mtogwa tena huu, ni mkangafu, unauma ulimi. Liberatus kaleta wa kujazia bila kuitwa. Mtu wa kejeli.

Ijumaa, 7 Februari
Nta imekwisha. Nimekopa mshumaa kwa Liberatus. Ameuliza kama umeme umekatika.

Jumamosi, 8 Februari
Dumu limejaa.

Jumapili, 9 Februari
Tupokigwe kafika baada ya ibada, na ndizi za nyumbani. Nikamwonyesha dumu: uzi, nta, limejaa hadi shingoni. Akalitazama. Akanitazama mimi, niliyekuwa nimeshika ukuta.
“Dumu limejaa, kaka,” akasema. “Na wewe umejaa.”
Liberatus alikuwa mlangoni. Hakucheka. Dada akanimenyea ndizi moja, kama mama alivyokuwa akifanya, akanishikisha mkononi. Akaondoka na basi la saa nane.

Jumatatu, 10 Februari
Nimetafakari kwa makini. Kosa lilikuwa la dumu. Lita tano hazina nafasi ya hewa. Nimeagiza la lita ishirini, nami nimeapa upya, safari hii kwa maandishi. Tena Mbalizi hawagemi ulanzi. Kuacha kitu mahali kisipokuwepo kuna ushujaa gani? Anayeacha kweli lazima akae nacho karibu.
Ndizi ya dada bado iko mezani. Imeanza kuwa nyeusi.
Mbalizi sitarudi.