Sifuri Moja Kwenye Kioo

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Nimeliona! La bluu, milango minne, kwenye yadi ya magari iliyo mkabala na kibanda changu cha fotokopi. Kioo cha mbele kimeandikwa bei kwa rangi nyeupe: 1,200,000. Gari la aina hiyo ni milioni kumi na mbili popote uendako. Wamesahau sifuri, mabwege hawa! Nimepita mara nne nikijifanya natafuta kivuli. Sifuri haijarudi.

Mke wangu na binti yetu wako kwa shemeji, miezi mitatu sasa. Aliondoka siku nilipouza cherehani yake ninunue vifaranga mia wa mayai. Wote wakawa majogoo. Alisema amechoka na mipango yangu. Nimewakumbuka mno, hata kupika nimeacha. Nitawafuata kwa gari hili. Akiniona nashuka, cherehani ataisahau.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Mwenye yadi hayupo. Tunamwita Miwani, maana huvaa mbili, moja machoni na moja kichwani. Dada wa mauzo ni mgeni kazini. Alitazama kioo, akasema kama imeandikwa hivyo basi ndiyo bei. Nimeacha laki moja ya kutangulia. Risiti ninayo, na bei imo!

Jumatano, tarehe 6 Machi

Miwani amerudi. Ameniomba radhi, akataka kunirudishia laki yangu. Nikamwambia najua haki zangu. Kusema kweli sijui hata moja, lakini kesho naenda ofisi ya kutetea walaji.

Jioni mke wangu kapiga simu. Alisema nije Jumamosi kwa basi la asubuhi, watanisubiri kituoni. Binti akanyakua simu, akauliza kama bado nakoroma, kwa sababu kule kimya kingi na yeye hapati usingizi. Nikasema nina jambo la kuwashangaza. Mama yake akachukua simu, akarudia: basi la asubuhi.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Afisa wa walaji ni mama mtu mzima, hana haraka. Alisema risiti yangu ina nguvu. Miwani akitaka kujitoa, itabidi ionekane kwamba mimi nilijua bei imekosewa, nikanyamaza. Akauliza kama nina ushahidi wa siku niliyoiona bei hiyo. Kama ninao! Nimerudi kibandani mbio, nikatoa nakala ya shajara hii, ukurasa wa Jumatatu. Nakala tatu, wino mzito. Moja yake, moja ya Miwani, moja ya jalada.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Kikao. Mama afisa akasoma ukurasa wangu kwa sauti, wote. Alipofika kwenye mabwege, Miwani alishusha miwani ya kichwani, akaivaa juu ya ile nyingine, akaanza kufuata kwenye nakala yake.

Mama afisa akakunja karatasi.

“Baba, huyu si shahidi wako,” alisema. “Ni shahidi wake.”

Nimerudishiwa laki yangu. Miwani hakunicheka, na hilo ndilo lililoniuma. Alinisindikiza hadi mlangoni.

“Mfuate tu mkeo, ndugu yangu,” alisema. “Hakusema anataka gari.”

Nimekata tiketi. Kiti cha dirishani. Nimefua shati na kunyoa ndevu. Nimechoka kuishi peke yangu.

Jumamosi, tarehe 9 Machi

Nimefika kituoni mapema kuliko dereva. Nyuma ya kituo kuna yadi nyingine, sikuwahi kuiona. Kagari ka kijani, karibu kapya. Laki tisa! Yadi inafunguliwa saa tatu. Basi limeondoka saa moja. Tiketi nimemuuzia bibi mmoja aliyekuwa anakwenda kumwona mwanawe.

Safari hii sitaandika popote kwamba wamesahau sifuri.

Simu imelia mara tatu, mbili za mke wangu, moja bila shaka ya binti, maana ilikatika haraka. Sijapokea, ningeharibu siri. Nimekaa kwenye ukuta wa yadi na shati langu safi. Najua wamesimama kule kituoni kwao wakitazama kila anayeshuka. Watangoja kidogo tu. Wameshazoea.