Maktaba Yangu na Okidi Elfu Arobaini

Jumatatu, 4 Machi
Aliyeandika maktaba yetu, ule msimbo ambao programu huutumia kuhifadhi data, amebwaga manyanga. Msimbo ni huria, kasema, atakaye auchukue. Programu yetu ya wakulima wa okidi hapa Tainan inahitaji maktaba mpya. Sisi wanachama kumi na wawili tutapiga kura Jumapili. Ninayo! Nimeiandika mwenyewe miaka miwili. Kwa mtu aliyeishia darasa la sita, si haba. Ikichaguliwa, jina langu litakaa juu ya orodha ya waandishi wa programu. Bi Hsieh, mwalimu mstaafu, anataka ile inayotumiwa na dunia nzima. Dunia nzima imewahi kupanda okidi?

Jumanne
Bi Hsieh katoa sharti. Kila maktaba ihifadhi kumbukumbu elfu arobaini za okidi za Tiunn, mkulima anayetutunzia kompyuta bandani, kisha tuchomoe umeme ghafla. Nikasema huo ni ukatili. Akasema, Kaka Khoo, siku ya kimbunga ukatili huo huja mara tatu. Tiunn naye: nakala ninazo, lakini ukinipotezea ua hata moja, nakupanda wewe chunguni.

Jumatano
Mpango! Juu ya kompyuta hukaa pakiti ya kijani ya vitafunwa vya nazi, kama juu ya kila mashine hapa kwetu. Tunaamini bila hiyo mashine hununa. Ya njano ni kuichokoza. Kesho zamu ya maktaba ya Bi Hsieh. Nimeweka njano. Ile ya kijani nimeila. Tamu.

Alhamisi
Tumechomoa. Tumewasha. Kumbukumbu zote zipo! Na njano kichwani! Mashine haina adabu.

Ijumaa
Zamu yangu. Pakiti tatu za kijani, mpya. Tukachomoa, tukawasha. Sifuri. Bi Hsieh akauliza taratibu maktaba yangu huandika lini kwenye diski. Nikamjibu: mtu anapoifunga programu kwa heshima. Tiunn akacheka hadi akashika nguzo. Akauliza: na mtu akiondoka bila kuaga je, mzee? Nikamwambia sisi wa zamani tulikuwa tunaaga.

Jumapili
Kura kumi na moja kwa Bi Hsieh, moja kwangu. Hiyo moja sitaji ya nani. Bi Hsieh akaniomba: usinune, Kaka, baki uandike maelezo ya matumizi. Nimekubali, mimi si mtu wa kinyongo. Ila kosa nimeshalijua, na si langu. Nimeandika barua kwa ofisi ya umeme, kurasa nne, kuwataka watoe taarifa dakika tano kabla ya kila kukatika kwa ghafla. Wakijibu tu, kura irudiwe.